Fundi aliyeionea wivu saa ya mdogo wake

Saa tatu kasoro dakika nne asubuhi, Bi Dakika yuko juu ya ngazi katika sebule isiyo yake. Ana misumari miwili mdomoni, na sikio amelibandika kwenye saa ya ukutani yenye umri mkubwa kuliko wake. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, ameshika ngazi na anauliza kwa mara ya tatu kama saa imekaa sawa. Bi Dakika anausogeza upande wa chini wa saa kidogo kulia, anasikiliza tena, kisha anatoa misumari mdomoni.

"Fumba macho, mwalimu," anamwambia. "Sikiliza tik, halafu tak. Zikilingana, basi imekaa sawa. Mambo ya macho tuwaachie wapiga picha."

Ana miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka ishirini na minne amekuwa akizisaka saa za zamani minadani na kwenye stoo za watu, anazifufua, kisha anazipanga kwenye kuta za wanaotaka nyumba zao zipendeze. Hadi sasa amepamba nyumba sitini na tatu. Jina la Bi Dakika alipewa na wateja, kwa sababu akiahidi saa nne anafika saa nne, na ukichelewa kumfungulia mlango anakutajia umechelewa kwa kiasi gani.

Ana masharti yake. Saa kubwa hutangulia, nyingine huizunguka. Ukuta unaopakana na jiko haupewi saa, maana mvuke unaharibu mbao. Saa inayogonga haikai karibu na chumba cha kulala, labda wenye nyumba wawe wamegombana na hawalali. Na saa mbili za pendulamu, kile kisahani cha shaba kinachocheza huku na huku, hazitundikwi kwenye ubao mmoja, kwa sababu husumbuana mpaka moja isimame.

Wateja wengine humwomba awawekee saa mbovu, za urembo tu. Hao huwaelekeza duka la fremu za picha.

Kwake ni vyumba viwili vya kupanga. Siku mwandishi wa makala haya alipomtembelea, ukutani kulikuwa na saa kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Zote zilikuwa zikisubiri kupelekwa kwa wenyewe. Anasema ikifika siku ya kuzifunga kwenye blanketi na kuzitoa, roho humuuma, na akimkabidhi mteja humtakia heri huku anamwonea gere. Alilisema hilo bila kupepesa macho, akimimina chai.

Lakini wivu wa wateja ni mdogo. Mkubwa uko kwa mdogo wake.

Baba yao alikuwa fundi saa. Alipozeeka aliwaita mabinti zake wawili akawagawia alivyokuwa navyo. Mkubwa alipewa meza ya kazi na sanduku la vifaa. Mdogo, aliyeolewa na mkandarasi na kujaliwa nyumba yenye sebule pana, alipewa saa ndefu ya ukutani ambayo baba aliitia ufunguo kila Jumapili maisha yake yote. Mzee alieleza kuwa mwenye ufundi atajinunulia saa aitakayo, ila yule mwingine asipopewa hatapata kitu cha baba.

"Kwa akili nilimwelewa," anasema Bi Dakika. "Ila moyoni nilisema, mimi nimepewa kazi, mwenzangu kapewa baba."

Mzee alipofariki, mdogo mtu alimwomba dada yake aje kuitundika. Bi Dakika alienda. Alichagua ukuta, akaitundika, akaurudisha nyuma mkeka wa sebuleni ili saa ionekane vizuri, na akameza mate machungu. Ukuta ule ulipendeza kuliko ukuta wowote aliowahi kuupamba.

Wiki tatu baadaye simu ikapigwa. Saa imesimama.

Alipofika, aligundua tatizo kabla hata hajavua viatu. Sanduku la saa ile lilipinda zamani, yeye mwenyewe akiwa hajazaliwa. Ili itembee, lazima ilale kushoto kwa upana wa kidole, na hivyo ndivyo alivyoitundika. Lakini mdogo wake ni mtu wa usafi, havumilii kitu kilichokaa upande. Siku ya kufuta vumbi alikuwa anainyoosha, na shemeji anakuja na pima maji yake ya ujenzi kuhakikisha. Ikinyooka, inachechemea siku mbili, kisha inasimama.

Ilikuwa ni kusema sentensi moja tu, kwamba msiinyooshe. Bi Dakika hakuisema.

Alisema ni vumbi. Alifungua mlango wa saa, akaingiza bisibisi, akaizungusha hewani kwa robo saa. Kisha akailaza saa kushoto kisirisiri, ikatembea. Mdogo wake akamletea chai, akamketisha chini ya saa ya baba, na wakaongea mpaka mchana. Hela hakuchukua hata mara moja.

Iliendelea hivyo kwa miaka mitatu. Wiki chache zikipita, saa inanyooshwa, inasimama, dada anaitwa. Mara vumbi, mara mafuta yameganda, mara springi imechoka.

"Nilikuwa na kijiba cha roho," anasema. "Nilitaka ionekane kwamba baba alikosea. Na nikawa naitwa, nakaa na saa yangu. Mimi bado naiita yangu."

Mwezi uliopita mdogo wake alimpigia kumweleza habari njema. Kwamba amechoka kumsumbua dada yake, na mume wake amepata fundi wa kuitoa mashine ile ya zamani na kuweka ya betri. Sanduku litabaki, ukuta utaendelea kupendeza. Fundi alikuwa ameshafika.

Bi Dakika alikuwa kazini, katikati ya ukuta wa mteja. Alimwachia mteja nyundo mkononi akatoka mbio. Alipoingia, saa ilikuwa imelazwa mezani, mishale imeshang'olewa, na fundi wa betri ana bisibisi, ya kweli safari hii. Aliweka mkono juu ya mashine, akapiga moyo konde, akasema yote, mbele ya shemeji na mbele ya mgeni.

Mdogo wake aliuliza swali moja.

"Miaka mitatu, dada. Kwa nini?"

"Wivu," akamjibu.

Fundi wa betri alikusanya vifaa vyake, akaondoka. Bi Dakika alirudisha mishale, akaitundika saa ikalala kushoto, na mdogo wake akachora alama ya penseli ukutani ilipo pembe ya chini. Siku hiyo hakukuwa na chai.

Sasa ni wiki ya tano, na saa haijasimama. Kila Jumapili mdogo mtu anatuma ujumbe wa neno moja: "Inatembea." Bi Dakika hajui kama anapewa habari au anazabwa kofi. Anachojua ni kwamba hajaitwa tena, na anakiri kuwa inamuuma kuona saa ya baba yake inaweza kutembea bila yeye.

Mipango ya kazi anayo. Anataka kukodi chumba cha mbele chenye kioo, mteja aone saa zikiwa ukutani badala ya kuzifunua kwenye mablanketi. Ameshazungumza na mwenye jengo. Lakini mwandishi alipomuuliza anatamani nini hasa, hakutaja chumba.

"Saa ile naitamani mpaka leo, nisikudanganye," anasema. "Ila Jumapili hii naenda bila kuitwa. Sanduku la vifaa nitaliacha hapa. Nitabisha hodi, na mdogo wangu akiniuliza nimefuata nini na saa ni nzima, nitamwambia nimekufuata wewe."