Sinia la Shunzo

Kusumi Yasuhei alipopanda mlima kwenda kijiji cha Kamitsuya, mwaka wa tatu baada ya vita kwisha, alikusudia kukaa siku moja tu. Alikuwa na neno la kumwambia mjane mmoja wa huko. Akishalisema, ateremke mlima aende zake. Neno lenyewe alilifanyia mazoezi ndani ya treni, akalirudia njia nzima ya miguu, na alipofika mlangoni kwa huyo mjane, nyumba ya Iwakiri, lilikuwa limeshakaa vizuri ulimini. Mama Tome hakumpa nafasi ya kulitoa.

"Wewe ndiye rubani wa Shunzo wangu," alimwambia hata kabla hajavua viatu. "Aliniandikia habari zako zote. Anasema ukilala unakoroma mpaka madirisha yanalia. Ingia basi, mbona unaniingizia baridi?"

Akaingia. Sebuleni, mbele ya mto wa kukalia usio na mtu, palikuwa na sinia dogo lenye miguu: bakuli la wali lenye kifuniko, supu ya soya, mboga za kuchachua, na vijiti vimelazwa sawasawa. Huko kila nyumba yenye msafiri humwandalia chakula namna hiyo, asije akashinda njaa aliko. Kisha wanawake hufunua kifuniko cha wali wakakitazama kwa ndani: kikiwa na matone, msafiri yu hai. Kikiwa kikavu, basi tena. Mama Tome alisubiri kidogo, akafunua, akamsogezea mgeni kifuniko mpaka puani.

"Unaona? Kimeloa chapachapa! Mzima huyo, kachelewa tu. Tangu utotoni ni mtu wa kuchelewa." Akalisukuma sinia zima mbele ya Kusumi. "Chakula chake huliwa na watu wa nyumbani. Wewe ulikaa naye ndege moja, wewe wa nyumbani. Kula."

Kusumi akala. Wali ulikuwa umeshapoa. Lile neno likateremka nao tumboni, likakaa huko miaka sita.

Kwa maana Shunzo alikuwa amekufa, na Kusumi alikuwapo. Walikuwa wakiruka pamoja katika jeshi la majini, kwenye ndege ya upelelezi, ile yenye maboya mahali pa magurudumu. Kusumi mbele anaendesha, Shunzo nyuma na ramani na penseli, anamwambia walipo. Vuli ya mwaka mmoja kabla ya kushindwa, injini ilizima mbali na nchi kavu. Kusumi aliishusha ndege majini, lakini wimbi likavunja boya moja, ndege ikazama, wao wakabaki wamelikumbatia boya la pili. Shunzo alikuwa mtoto wa mlimani. Bahari aliiona akiwa na miaka kumi na saba, na kuogelea alijifunza ukubwani, tena vibaya. Kusumi akamfunga kwake kwa kamba ya mwavuli wa kurukia. Siku ya pili, mchana, Shunzo akakata roho. Kusumi alikaa amefungwa naye mpaka jua likazama, kisha akalifungua fundo kwa mikono yake mwenyewe. Asubuhi yake meli ikamwokota.

Jeshi lilimwandikia Mama Tome mistari minne isiyotaja kamba wala fundo, likamletea na kisanduku kilichofungwa kitambaa cheupe. Alikifungua mbele ya karani wa kijiji, akakuta kipande cha karatasi chenye jina la mwanawe. "Kwani mimi nilizaa karatasi?" alimuuliza.

Jioni ile ile ya wali, mkuu wa kijiji alikuja kumchungulia mgeni. Shule mpya ilikuwa na paa na kengele, ila mwalimu wa sayansi hakuna.

"Hesabu unajua?"

"Nilikuwa rubani, mzee."

"Hilo nimeshalisikia. Nimekuuliza hesabu."

"Najua."

"Haya, kesho saa mbili."

Mama Tome akampa chumba cha juu, ubavuni mwa viwavi wake wa hariri. Kusumi akajiambia kwamba neno lake atalisema wiki ijayo, watu wakishatulia.

Tuseme ukweli, kijiji kile hakikuwahi kupata mwalimu wa namna ile. Jeshini mwenyewe alipigwa magongo ya makalio hata akalala kifudifudi wiki nzima. Siku yake ya kwanza darasani alichukua fimbo ya mwalimu aliyemtangulia, akaikata vipande vinne, akafundishia robo na nusu. Msimu wa viwavi, watoto wanapobaki nyumbani kuchuma majani ya mforsadi ya kuwalisha, aliwafuata huko huko vilimani, anachuma nao huku akiwauliza habari za majani, mizizi na maji. Alikuwa mchumaji mbovu, tena mbovu wa kuchekesha, na watoto walimcheka mpaka wakasahau kwamba wanasoma. Kila kiangazi aliziba mto kwa mawe pamoja nao, na hakuna aliyemaliza shule ile bila kuelea chali kwa pumzi mia moja, zikihesabiwa kwa sauti. Tisini na tisa hakukubali.

Wanaume wa kijiji walikaa ukingoni wakimsuta.

"Mwalimu, bahari yenyewe huku iko wapi? Au unafundisha vyura?"

"Vyura wanajua tayari. Vua shati uingie, mzee Kanbei, nikuhesabie na wewe."

Mzee Kanbei hakuvua shati, ila wajukuu zake watatu walielea, na yeye ndiye aliyekuwa akizihesabu pumzi zao kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jambo moja tu lilikuwa halieleweki. Katika kitabu cha sayansi, ukurasa wa thelathini na nne una picha ya birika linalochemka, na maneno ya kueleza kwa nini kifuniko cha chombo chenye kitu cha moto hulowa kwa ndani. Kila mwaka Kusumi alifika wa thelathini na tatu, akageuza kurasa mbili kwa pamoja.

"Mwalimu, umeruka!"

"Nimeruka. Tuendelee."

Na kila asubuhi Mama Tome alifunua kifuniko, akasoma matone yake. "Leo makubwa, kashiba huyo." "Leo madogo, huko aliko kuna upepo." Kisha akamsogezea Kusumi sinia, na Kusumi akashukuru na kula. Watu walimsifu kwa subira yake. Laiti wangejua, alikuwa anaona aibu mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mwaka wa sita mambo yakamfikia shingoni. Shunzo alikuwa na mdogo wake, Fusae, binti mchapakazi na mwenye ulimi, sasa ana miaka ishirini na sita. Tatsuzo mchoma makaa, ambaye kwao ni mtoto wa pili na hana cha kurithi, alikuwa tayari kumwoa, kuingia nyumba ya Iwakiri na kuchukua jina lake. Ndivyo nyumba isiyo na mtoto wa kiume isivyokufa. Mama Tome alikataa, wala si kwa roho mbaya. "Nyumba hii ina mwenyewe," alisema. "Akirudi akakuta mwanamume mwingine kakalia mahali pake, nitamtazama na macho yapi?" Tatsuzo alingoja miaka miwili. Mwaka ule akasema imetosha: hariri ya masika ikishauzwa, anakwenda zake kiwandani mjini, harudi.

Jumamosi moja Fusae alimvizia Kusumi darajani, anatoka shule.

"Mwalimu, nikuulize kitu, usinizungushe. Ukurasa wa thelathini na nne una nini?"

Kusumi akageuka kuutazama mto.

"Watoto wote wanajua unauruka. Mtu usiyemsamehe mtoto hata pumzi moja kule mtoni, unaruka ukurasa mzima kila mwaka! Nimeazima kitabu, nimeusoma. Ni mvuke tu." Akamsogelea. "Ungekuwa hujui kaka yuko wapi, usingeuruka. Unajua wewe."

"Najua."

"Kafa?"

"Kafa. Tulikuwa wote."

Fusae alishika ukingo wa daraja kwa mikono miwili. Hakulia. Alimtazama Kusumi juu mpaka chini, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Na umekaa unakula wali wake."

"Kila siku."

"Haya niambie, mwalimu, unamhurumia mama, au unajihurumia mwenyewe?"

Swali hilo lilimkata maini. Miaka yote sita alijiambia kwamba kunyamaza kwake ni wema. Sasa aliona wazi kuwa juu ya wema huo binti wa watu alikuwa anazeeka. Aliona na lingine, ambalo lilimuumiza zaidi: akisema, atafukuzwa kwenye nyumba pekee duniani ambamo kuna mtu wa kumgombeza akichelewa kula. Aliogopa hilo kuliko alivyoiogopa bahari.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

"Kesho umeitaja mwenyewe," Fusae akamjibu, akaondoka.

Jumapili asubuhi Mama Tome aliandaa sinia, akangoja, akafunua. "Leo—"

"Mama," Kusumi akamkatiza. "Hicho kifuniko kitaloa hata ukiliandalia jiwe. Ni mvuke wa wali."

Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema yote. Injini, boya, kamba, mchana ule, jioni ile. Fundo hakuliruka. Mama Tome alimsikiliza kifuniko kikiwa bado mkononi mwake, matone yanamdondokea gotini.

"Ulipomfungua," aliuliza mwishowe, "una hakika alikuwa amekufa?"

"Alikuwa amekufa tangu mchana, mama. Nilimngoja mpaka jioni."

"Ukingoja nini?"

"Aniambie tulipo."

Mama Tome akakiweka kifuniko chini.

"Nami umeningojesha miaka sita," alisema, akainuka na kupanda ngazi kwenda kwa viwavi wake.

Kusumi alibaki mbele ya sinia. Jikoni Fusae alisimama karibu na sufuria. Juu walisikia majani yakimwagwa, kisha ule mchakacho wa viwavi elfu wakitafuna, ambao ni kama mvua inayonyesha juu ya paa, na ndani ya mvua hiyo sauti ya mama akilia kwa nguvu zake zote. Ilidumu sana. Ilipokwisha, Kusumi akaenda mlangoni akaanza kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi?" Mama Tome alikuwa amesimama chini ya ngazi, macho yamevimba, vipande vya majani kwenye nywele.

"Mama, mimi sistahili—"

"Nimekuuliza unakwenda wapi, sijakuuliza unastahili nini. Rudi ukae. Na wewe Fusae, unanitazama nini? Kamwite Tatsuzo wako aje ale."

Fusae akatoka mbio, hata mlango hakufunga.

Mama Tome alilichukua bakuli la kwenye sinia, akaenda uani akawamwagia kuku wali wote. Akarudi kwenye sufuria, akapakua mwingine, mvuke unamfunika uso. Hakuweka kifuniko, wala sinia hakulitazama. Alipiga magoti mbele ya Kusumi, akamtia bakuli mikononi.

"Kula ungali wa moto," alisema. "Miaka sita nimekulisha kiporo cha marehemu."