Sahihi Yangu Kwenye Daftari la Flamingo

Klabu ya mpira wa kikapu ya Flamingo ilificha malipo ya mchezaji wake nyuma ya jina langu, na ilipokamatwa, adhabu nzito kuliko zote nilipewa mimi niliyekuwa nikifua jezi.

Naitwa Bernadette, mama wa Deborah. Nilizaliwa Uvira na sikukanyaga darasa. Kusoma Kiswahili nilijifunza ukubwani, kanisani kwetu hapa ugenini, Umbilo. Kiingereza sisomi mpaka leo.

Miaka sita nilifua jezi, soksi na taulo za Flamingo. Kazi alinitafutia Josias, mtunza vifaa wa klabu, Mkongomani mwenzangu tunayesali naye. Kila mwisho wa mwezi alituletea daftari la malipo. Wafuaji wenzangu wawili walibonyeza kidole gumba kwenye wino. Mimi wino niliukataa. Niliandika jina langu lote, herufi kwa herufi, Josias akinicheka.

“Maman Deborah, unaweka sahihi ama unaandika barua?”

“Subiri. Jina hili limenitoa jasho.”

Mwaka wa mwisho nikaona mistari miwili ya Kiingereza kwangu. Niliuliza wa pili ni wa nini.

“Iko ya sabuni. Weka tu.”

Sabuni tulikuwa tunaletewa kweli. Nikaweka, miezi tisa.

Haikuwa sabuni. Ligi imeweka kikomo: mishahara yote ya wachezaji wa klabu isipite hapo, ili wenye pesa wasinunue kila mchezaji mzuri. Flamingo walikuwa wamefika kikomo na bado walimtaka Pontien, yule mrefu wa Lubumbashi. Nusu ya mshahara wake wakaiandika kuwa ni ya kufua, kwa jina langu. Mimi pesa hizo hata kuziona sikuziona.

Ligi ilipogundua, niliitwa ofisini kwao Westville. Walikaa watatu mezani, na mkalimani pembeni. Mmoja alinisogezea daftari.

“Hii ni sahihi yako?”

“Ni yangu.”

“Hukulazimishwa?”

“Hapana. Najua kuandika mwenyewe.”

Nilijibu kwa fahari, mjinga mimi. Hawakuuliza kama nilijua mstari ule unasema nini. Walifunga daftari, mkalimani akaniambia niende. Wenzangu wa wino hawakuitwa. Ndipo nikaelewa kwa nini mstari wa pili ulikuwa wangu peke yangu: alama ya gumba kwenye pesa nyingi vile ingemshtua mkaguzi. Jina lililoandikwa vizuri halimshtui mtu.

Flamingo walitozwa faini na kunyang'anywa pointi nne, wakafika nusu fainali vilevile. Faini waliifidia kwa kukifunga chumba chetu cha kufulia. Pontien alikaa nje mechi tatu, kisha akasajiliwa Johannesburg. Josias alifungiwa msimu mmoja, na amesharudi kazini. Mimi nimefungiwa maisha, nisifanye kazi kwa klabu yoyote ya ligi. Barua ya ligi inasema nilikiri kwa hiari yangu.

Hoteli moja ya Morningside ilikubali kunichukua nifue mashuka. Wakapiga simu Flamingo kuuliza habari zangu. Kesho yake mlinzi hakunifungulia geti.

Jumapili iliyopita nilimsubiri Josias nje ya kanisa.

“Nenda ligi ukaseme sikujua.”

“Eish, Maman, mambo ile ilishaisha. Hata Pontien amesahau.”

“Pontien ana timu.”

“Basi nitakuombea.”

“Usiniombee. Nenda Westville.”

Alicheka, kicheko kilekile cha siku za daftari, akaingia kwenye gari.

Pesa simdai mtu. Josias namdai sentensi moja, aiseme mbele ya wale watatu: kwamba aliniambia ni sabuni. Na wale watatu nawadai swali ambalo hawakuniuliza.