Leseni Yangu na Safari ya Mama

Mama hakuwahi kulipanda gari langu la kazi. Nilikuwa naendesha gari la maiti, lile refu jeupe lenye nafasi ya jeneza katikati na viti vya familia pembeni, na kila nilipopita nyumbani kunywa chai alinifokea niliache nje ya lango, nisimletee hiyo kitu karibu na kuku wake.

"Hilo nitalipanda mara moja tu," aliniambia siku moja, "na wewe ndiye utaniendesha. Usije ukanipa mtu wa kukimbia."

Nikamwambia sawa, mama. Ahadi kama hizo mtu huzitoa huku anatafuna mandazi.

Halafu nikasimamishiwa leseni. Nilikuwa nimeruka foleni Ngong Road karibu na Jamhuri, taa zimewashwa, mwili ndani, kanisa linangoja, na mtu wa bodaboda akakatiza mbele yangu akavunjika mguu. Korti ikasema niliendesha kwa njia ya hatari. Sibishani nayo tena, nilishabishana nikachoka. Hakimu akasema leseni inasimamishwa kwa mwaka mmoja, akaniuliza kama nimeelewa. Nimeelewa, mheshimiwa. Pale mbele kila mtu huelewa. Karani akaichukua kadi yangu ya leseni, nami nikatoka nikasimama kwenye jua la mjini katikati ya wauza soksi, na sikuwa nimeelewa chochote.

Kazini kwetu Riruta kila mtu alikuwa wakili. Mmoja akasema hiyo ni ya gari la kazi tu, la nyumbani naweza kuendesha. Mwingine akasema niendelee tu polepole. "Kwani ushawahi kuulizwa leseni na mwili ndani? Hakuna polisi anasimamisha gari ya maiti, bana." Na kweli, miaka yote hiyo sikuwahi kuulizwa. Polisi wakituona huvua kofia na kutupisha. Sisi watu wa kazi hii tumezoea kupishwa mpaka tunadhani sheria nayo inatupisha.

Nikaenda kumwona binamu yangu, dada anayefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili huko mjini. Alikuwa anakula chapati juu ya mafaili.

"Ingefutwa ungeanza upya, kama mtu anaenda kujifunza gari," akasema. "Yako imesimamishwa. Ni yako bado, jina lako liko, lakini huo mwaka wote hesabu kama hujawahi kuwa nayo."

"Hata pikapu ya mama?"

"Hata pikapu ya mama."

"Kidogo tu, hapo dukani?"

"Wewe! Kwani mimi ndiye nimekusimamishia? Ukishika usukani barabarani hilo ni kosa jipya, kubwa kuliko la kwanza. Na ukigonga mtu, bima inaingia mitini. Wote uliowabeba, hakuna wa kuwalipa."

Nikamuuliza, kwa hasira tu, kama nimekatazwa pia kuendesha kwenye ndoto. Akacheka, akapangusa mikono.

"Leseni ni ya barabara, mahali watu wote wanapita. Ndani ya shamba lenu, hapo endesha mpaka uchoke."

"Basi nitakuwa dereva wa kuku," nikasema, nikashuka ngazi.

Kazini hawakunifukuza. Nikawa naosha magari, nabeba maua, nashika mlango. Mwenzangu mmoja, mzee mpole aliyekuwa zamani akinipokea zamu, akawa anaendesha gari langu. Nilisema nimezoea. Ukweli ni kwamba niliganda. Nilikula, nililala, niliosha gari, na hakuna kilichoniuma wala kilichonifurahisha.

Mama akafa mwaka ule haujaisha. Aliugua kidogo tu, tukampeleka hospitali, na hakurudi. Niliposikia, kitu cha kwanza nilichofikiria si uso wake. Nilifikiria kadi yangu ndani ya faili la korti, na mandazi, na nilivyosema sawa, mama.

Siku ya mazishi tulikutana katika mochari moja ya mjini. Nilimsaidia mwenzangu kuliingiza jeneza, nikafunga zile kamba kwa mikono yangu kama nilivyowafungia mama za watu wengine wengi. Dada zangu na shangazi wakaketi pembeni. Mjomba, ndugu wa mama, akanijia na fimbo yake.

"Shika usukani twende."

"Siwezi, mjomba. Leseni imesimamishwa."

"Huyu ni mama yako! Leo hata Mungu hawezi kukuuliza leseni."

"Mungu hataniuliza. Bima ndiyo itauliza."

"Alikuambia wewe ndiye utampeleka. Sote tulisikia."

Mwenzangu akanyoosha mkono wenye ufunguo. Watu wote wakaniangalia. Nami nikawaangalia dada zangu na shangazi kwenye vile viti, magoti yao yamegusa jeneza, leso mikononi, na nikajua kwamba tukipata ajali nikiwa mimi mbele, hao ndio watabaki bila wa kuwalipa hata bandeji. Nilitamani sana kuuchukua ule ufunguo. Nikaenda upande wa kushoto nikafungua mlango wa abiria.

"Una moyo wa jiwe," mjomba akasema.

Haki, siku hiyo hata mimi niliamini.

Tulipanda Ngong Road. Mwenzangu aliendesha taratibu, hakupita mtu. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu kila alipofunga breki. Pale karibu na Jamhuri nilitazama mahali yule mtu wa bodaboda alipoanguka. Wanawake waliuza ndizi hapo. Tukaingia Naivasha Road, tukapita Riruta, polisi mmoja akavua kofia, akatupisha, hakuuliza mtu leseni. Nyuma dada yangu mdogo alikuwa analia, nami nilikuwa namhesabia mwenzangu matuta ya barabara kichwani. Nilitaka kulia, sikuona pa kuanzia.

Kwetu ni mbele ya Riruta, kipande cha shamba kilichobaki katikati ya nyumba za kupangisha. Tulipofika langoni wanawake walishuka, kama ilivyo desturi yetu, waingie kwa miguu nyuma ya jeneza wakiimba. Mwenzangu naye akashuka. Akazunguka upande wangu akafungua mlango.

"Kuanzia hapa si barabara," akasema. "Binamu yako amenieleza."

Nilimtafuta binamu yangu kati ya watu. Alikuwa amesimama kando ya lango na kitabu cha nyimbo, ananiangalia kwa ukali kama karani. Akatikisa kichwa juu chini mara moja tu. Mjomba akasogeza fimbo yake gari lipite.

Nikaketi kwenye kiti changu. Kilikuwa kimesogezwa mbele, magoti yakagonga, sikukirudisha. Ndani tulibaki wawili, mama na mimi. Nikaingiza gia ya kwanza. Kutoka langoni hadi kaburini si mbali, ni kupita jikoni, kupita pikapu, kupita banda la kuku. Kuku walitawanyika. Nilikwenda polepole kuliko nilivyowahi kwenda na mtu yeyote, na bado tulifika upesi.

Kazini tuna desturi. Ukisimamisha gari unazima injini, kisha unamwambia uliyembeba, si familia, yeye mwenyewe: tumefika. Nimewaambia watu wengi sana neno hilo bila kupepesa jicho.

"Mama, tumefika," nikasema.

Injini sikuizima. Nilishindwa kuutoa mkono kwenye usukani. Watu walikuja, wakafungua nyuma, wakamshusha, na mimi nilikuwa bado nimeketi pale nalia kwa sauti, gari linanguruma, mpaka mjomba akaingiza mkono dirishani akazungusha ufunguo.