Ng'ombe wa Kokoto

Nina banda la vyombo vya plastiki sokoni hapa Sumbawanga, na upande mmoja wa banda, ule unaopigwa na jua la asubuhi, nimepanga vichezeo vya watoto. Ndoo na mabeseni ndivyo vinavyonilisha. Vichezeo naviuza kwa sababu mimi ni mdadisi, tena mdadisi wa kuudhi, na hakuna kitu kinachoniburudisha kama kumwangalia mtoto akichagua.

Watu huja kuniuliza: mama, mtoto ana miezi minane, nimpe nini? Mimi simwangalii mzazi, namwangalia mtoto. Wa miezi minane kila kitu anakipeleka mdomoni, kwa hiyo nampa kitu kikubwa kisichomeguka wala kuchubuka rangi. Wa mwaka mmoja na nusu anataka kutia na kutoa. Mpe vikombe vitatu vinavyoingiana, atakaa navyo mpaka uji wako uive. Wa miaka mitatu anataka kuwa mama yake, huyo mpe sufuria ndogo. Wa sita anataka kushinda na kubishana. Wa tisa usimnunulie kitu, mpe waya na makopo matupu, kisha ondoka usimsumbue.

Alikuja baba mmoja akataka lile gari kubwa la rimoti. Nikamuuliza mtoto ana umri gani. Miezi minne. Nikamwambia, "Baba, sema tu kwamba hilo gari ni lako." Akacheka, akalichukua hivyo hivyo. Jumapili, baada ya misa, nilimwona akiliendesha uwanjani huku mtoto amelala mgongoni kwa mama yake, na akina baba wengine wanne wamejipanga kungoja zamu.

Utaalamu wangu sikuusomea popote. Nilikulia kijijini Mollo, kwenye mahindi na ulezi, na mdoli wangu wa kwanza ulikuwa gunzi. Nililisuka nywele za mahindi, nikalivika kitambaa, nikalilaza karibu na mafiga lisisikie baridi. Mama yangu alilichoma. Hakuwa na ubaya wowote. Kwetu gunzi ni kuni, na yeye alikuwa na maharage motoni. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi, naye akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Unalilia kuni?" Kisa hicho nimekisimulia bandani mara nyingi, na kila mara tumecheka. Nilidhani nimekielewa.

Sasa nifike kwa mjukuu wangu.

Binti yangu aliolewa bondeni, upande wa ziwa Rukwa, kwa watu wa ng'ombe waliohamia kutoka Usukumani. Sitaficha: sikufurahi. Nilitaka mkwe wa karibu, mtu wa kulima, ambaye ningemwona kanisani. Nikapata mkwe mrefu, mpole, ambaye kwa heshima zao hawezi hata kukaa kiti nilipo mimi. Akinisalimia huchuchumaa kule mbali kabisa, shikamoo yake naipokea kwa upepo. Ule umbali niliuona ni kiburi. Matokeo yake mjukuu wangu alifikisha miaka minne na nusu nimemwona mara moja tu, akiwa mchanga.

Mwezi wa sita binti yangu akaletwa hospitali huku mjini, mimba ina matatizo. Daktari akasema alale, asiamke hata kufua leso, mpaka wiki zake zitimie. Mkwe alikuwa na mifugo ya kuangalia, kwa hiyo mtoto akaletwa kwangu, mtaa wa Kizwite. Wodini watoto hawaruhusiwi. Nikampokea mlangoni kwa mikono miwili, kama mama wa dukani hasa, nikijiambia: huyu hatamaliza siku mbili kabla hajanizoea. Nani mwingine Sumbawanga nzima ana bibi mwenye banda la midoli?

Alinisalimia vizuri, "Shikamoo bibi," kisha akanyamaza. Nilimvika sweta mbili, maana baridi yetu ya kipupwe si ya bondeni. Nikampikia ugali wa ulezi na maharage. Akala matonge mawili, akaosha mikono.

Kesho yake nikampeleka bandani. Nilimkalisha katikati ya vichezeo vyote, nikajifanya nahesabu mabeseni ili nimchungulie atakachoshika. Hakushika. Nikamwekea mdoli unaofumba macho. Akautazama kama mtu anayetazama mgonjwa asiyemfahamu. Nikamwekea vyombo vidogo vya jikoni. Mpira. Nikamletea hata njuga ya wachanga, nikifikiri labda uchungu umemrudisha nyuma kiumri, maana nimewahi kuona. "Mke mwenzangu," nikamtania, "duka lote hili hujaona kitu?" Akanijibu taratibu, "Sijaona, bibi."

Siku ya tatu alikula tonge moja. Siku ya tano, uji tu, nusu kikombe.

Na kila mchana nilikuwa nampelekea binti yangu chakula wodini, na kila mchana swali lilikuwa moja: "Mama, mwanangu anakula? Anacheza?" Nilisema anakula vizuri. Anacheza na mdoli, nikasema, tena kaupa jina. Nilikuwa namjua binti yangu. Angesikia kwamba mtoto hali, angeshuka kile kitanda siku hiyo hiyo, daktari apende asipende, na mimba ingetoka. Kwa hiyo nilidanganya, mtu mzima mwenye rozari mkobani, halafu nilirudi nyumbani naogopa. Niliogopa mambo mawili: kwamba mtoto ataugua mikononi mwangu, na kwamba ananichukia. Hilo la pili lilikuwa linaniuma zaidi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kitu kimoja nilikiona lakini sikukitilia maanani. Jioni, nikiwa napika, mtoto alikuwa anakaa nje nyuma ya ukuta wa jiko, kwenye pembe isiyopigwa na upepo. Jirani yetu anajenga, amemwaga kokoto kando ya uzio. Nilimwona mtoto anaokota na kurudi, anaokota na kurudi. Nikasema moyoni, angalau ananyoosha miguu. Sikwenda kuangalia. Mimi, mdadisi wa Sumbawanga, sikwenda kuangalia, kwa sababu kokoto si kichezeo na maharage yalikuwa yanakaribia kuungua.

Na alfajiri, kabla mtoto hajaamka, nilikuwa nafagia.

Hapa lazima nieleze kuhusu ufagio. Kwetu mwanamke anajulikana kwa uwanja wake. Jua likikuta uwanja haujafagiwa, majirani wanauliza kama kuna mgonjwa. Mama yangu alinifundisha kufagia nikiwa nimeinama vizuri, kutoka mlangoni kwenda nje, mpaka udongo ubaki na mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Nafagia nikiwa nusu usingizini. Majani, vijiti, makokoto, vyote vinakwenda kwenye shimo la taka nyuma ya migomba, na sijawahi maishani kuuliza kilichomo.

Jumamosi mkwe akapanda kutoka bondeni na dumu la maziwa. Kama kawaida yake alichuchumaa kule kwenye uzio. Mtoto alimkimbilia, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikasikia sauti yake halisi. Kumbe ana sauti kubwa. Nilibaki mlangoni na kisu changu cha kukatia mboga, nikiwa na wivu, nikisikiliza. Walianza kwa Kisukuma, kisha baba akahamia Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu.

"Ng'ombe wako wazima?" akamuuliza.

"Hawapo."

"Wamepotea machungani?"

"Hapana. Jioni nawaingiza zizini, nafunga mlango. Asubuhi bibi anawafagia."

Hakuwa analalamika. Aliisema kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa.

Mkwe akainamisha uso, akaona aibu kwa niaba yangu. Nikamwomba anieleze, na yeye, akiongea huku anatazama chini, akanieleza kwamba kwao watoto wote wana ng'ombe wa mawe. Wanawachagua kwa rangi, wanawapa majina ya ng'ombe wa kweli wa nyumbani, asubuhi wanawatoa, jioni wanawarudisha. "Huyu hawezi kula kabla ng'ombe wake hawajala, mama. Amezoea hivyo. Nilisahau kukwambia. Nilidhani watu wote wanafahamu."

Nilikwenda nyuma ya jiko. Lilikuwepo zizi, duara dogo la vijiti vya miiba vilivyochomekwa ardhini kwenye pembe ya ukuta, limebomolewa nusu na ufagio wangu. Ndani hamna kitu. Nilipopiga hesabu niligundua kwamba mtoto alikuwa amelijenga upya kila jioni, jioni nne, na mara ya tano hakulijenga. Ndiyo siku aliyokunywa nusu kikombe.

Unalilia kuni? Niliisikia sauti ya mama yangu waziwazi, na safari hii haikunichekesha hata kidogo.

Nikafunga kanga kiunoni, nikashuka kwenye shimo la taka. Shimo si refu, linanifika magotini, lakini lina kila kitu: majivu, maganda ya viazi, vinyesi vya kuku. Nikaanza kuchambua. Baada ya muda nikasikia mtu anashuka upande wa pili. Alikuwa mkwe wangu, aliyekuwa hawezi kukaa kiti nilipo mimi, sasa amepiga magoti kwenye taka hatua mbili kutoka kwangu, anachambua naye. Hatukutazamana. Ile heshima yetu tuliitunza kwa kuangalia majivu.

Mtoto alisimama ukingoni kama mnunuzi. Mimi ndiye niliyekuwa nanyanyua bidhaa.

"Huyu?"

"Huyo si ng'ombe, bibi. Ni jiwe."

"Samahani. Na huyu?"

"Huyo dume. Mlete."

Nilimuuliza anawatambuaje, na akili yangu ya bandani ikaamka hapo hapo taka mikononi: kwa nini huyu ni ng'ombe na yule ni jiwe? Akanieleza kwa uvumilivu. Dume ana bega. Ndama hana pembe kali. Yule mwekundu ni mkorofi, anaingia mashamba ya watu. Nilimpa mdoli unaofumba macho na kufumbua, na yeye alikuwa na kundi zima lenye tabia zake. Kichezeo cha mtoto wa miaka minne na nusu! Nikajiona mjinga, lakini mjinga aliyefurahi kupata kitu cha kufikiria.

Tulipata kumi na moja. Nilidhani tumemaliza. Nikanyoosha mgongo, na mtoto akaanza kulia, kwa mara ya kwanza.

"Bado mmoja. Mweupe. Ana tumbo."

"Tutakuokotea mweupe mwingine," baba yake akasema.

"Hapana. Huyo haendi machungani. Ana mimba, amelala. Daktari alisema asiamke." Akanitazama mimi, si baba yake. "Bibi, mimi nilimlaza vizuri. Nilimfunika jani."

Mkwe aliacha kuchambua. Asubuhi nne mfululizo, kabla ya jua, nikiwa nusu usingizini, nilikuwa nimemchukua mama yake kwa ufagio nikamtupa shimoni, na mtoto jioni akamtafuta mama mwingine, akamlaza, akamfunika. Mpaka akachoka.

Hapo hatukuchambua kwa aibu tena. Tulichimba. Viganja vyangu vilikuwa vyeusi kwa majivu, kucha zimejaa. Alimpata mkwe, chini ya maganda, jiwe dogo jeupe lililovimba upande mmoja. Akalipangusa kwa shati lake, akanipa mimi nimpe mtoto. Alinipa mkononi, mkono kwa mkono.

Jioni ile nilikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko nikimwangalia akiwalisha. Nyasi kidogo kwa dume, maji kwenye kifuniko cha chupa, na yule mwekundu akachapwa kwa kosa nisilolijua. Walipokwisha kula akaja akakaa kando yangu, akala matonge sita. Niliyahesabu kimoyomoyo.

Asubuhi nikafagia uwanja wote, mistari imenyooka, nikaizunguka ile pembe. Jirani akapita, akasema, "Mama, umeruka pale." Nikamwambia najua.

Mchana nikaenda wodini na bakuli langu. Binti yangu aliuliza lile swali lake, na mimi nikamwambia ukweli, tangu mwanzo, mdoli wa uongo, ufagio, shimo, mume wake na mimi kwenye taka. Alicheka mpaka nikamshika bega asitikisike. Kisha nikamweleza habari za yule mweupe. Akaacha kucheka. Aligeuza uso kwenye ukuta, mkono wake umeshika leso juu ya tumbo.

"Sasa yuko wapi?" akaniuliza.

"Amelala. Kafunikwa jani. Ufagio haufiki pale."

Akavuta shuka mpaka kidevuni, akafumba macho.