Hedifoni Zangu Zilinyamaza, Kambi Nzima Ikasikia

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka thelathini na nne, shule niliishia darasa la tano, kwetu ni Singida, na kazi yangu ni kibarua kwenye mashamba ya mananasi huku Kiwangwa. Mke wangu yuko nyumbani na mama yangu. Mtoto hatujapata, na hilo ndilo lililonileta hapa.

Mimi na mke wangu hatuandikiani. Yeye kuandika kunamchosha, mimi kusoma kunanichosha, basi tunatumiana sauti. Ndoa yetu inaishi ndani ya simu. Zamani nilikuwa na hedifoni za waya, zile zinazoning'inizwa mbele ya maduka kama mitego ya panya. Sikio moja lilikuwa limekufa, lakini lililobaki lilikuwa na adabu: unachomeka, unasikia peke yako. Simu ile ikatumbukia kwenye pipa la dawa ya shamba. Nikanunua nyingine iliyotumika, kioo kikubwa, naigeuza huku na huku, haina tundu la waya.

Muuza vifaa vya simu pale Bagamoyo mjini alinicheka. "Kaka, waya siku hizi tunafungia mbuzi." Akanifungulia kijisanduku chenye vitu viwili vyeupe kama punje za korosho. Akasema vina mpira laini, vikiingia sikioni hata trekta likipita husikii. Katika yote aliyosema siku ile, hilo tu lilikuwa kweli.

Kambini kuna mtu anaitwa Mudi. Ni wa pwani hukuhuku, na anajiona yeye ndiye kituo cha redio. Ana hedifoni kubwa za kufunika masikio ambazo anazivaa shingoni kutwa nzima, kama ng'ombe mwenye nira. Tangu nimjue hazijatoa hata mluzi. Ana pia spika ya bluetooth, ndefu kama chupa ya chai, na yeye ndiye anayeamua kambi isikie nini. Muziki haujui, kwake kizuri ni kile kinachotikisa bati. Jumapili moja kifurushi chake kiliisha, akaniomba simu yangu aiunganishe na spika, watu wasikilize mpira. Aliunganisha mwenyewe. Mpira ulipokwisha nilichukua simu yangu, nikadhani nimeichukua yote.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, ikaingia sauti ndefu ya mke wangu. Nikaenda nyuma ya jiko, nikakalia tenga, nikachomeka punje zangu. Vitaa vinawaka. Nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Nikavigonga kwenye goti, nikarudisha mwanzo, nikabonyeza tena, na tena, huku nikimtukana moyoni yule muuza vifaa wa Bagamoyo.

Ndugu zangu, mke wangu alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea kwenye spika ya Mudi, upande wa pili wa ukuta wa mabati, mbele ya watu wanaokula ugali, na kila nilivyoongeza ndivyo walivyomsikia vizuri. Mimi peke yangu sikusikia, kwa sababu masikio yangu nilikuwa nimeyaziba kwa pesa yangu mwenyewe.

Niliporudi kwenye sahani yangu watu wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Mudi akasimama, akanipa mkono kwa heshima zote.

"Shikamoo, Bwana Mizizi."

Sikumwelewa mpaka spika ilipozimwa, nikaweka simu sikioni, nikasikia yale waliyokwisha kuyasikia wote:

"Baba, ile mizizi niliyokutumia usiache kunywa. Mama leo kaniita mti mkavu mbele ya wageni. Nimenyamaza. Sitamwambia kwamba daktari alisema tatizo liko kwako. Wewe fanya kazi, hili nitalibeba mimi."

Sasa Mudi akinyanyua tenga la mananasi anabana pua na kusema, "Hili nitalibeba mimi," na watu wazima wenye ndevu wanajishika mbavu. Nyapara naye aliniuliza kama nanasi nililolipanda mimi litazaa. Mudi ana watoto Kaole, ana watoto Mlingotini, na hakuna hata mmoja anayejua baba yake anafananaje. Huyo ndiye anayenifundisha uanaume. Kicheko chake nakitema kama nyuzi za nanasi.

Ninayemwogopa ni yule ambaye hakucheka. Ni kibarua mwenzetu, wa kijiji cha jirani na kwetu, na mkewe anasaga unga kwenye mashine moja na mama yangu. Aliniambia pole, akaapa kwamba hatasema. Nimeshamsikia akiapa hivyohivyo kwa wengine, na siri zao ninazo. Jumamosi anarudi nyumbani.

Mke wangu naye anauliza mbona siku hizi namjibu maneno mawili ya kuandika. Ameuliza kama nimepata mwanamke wa pwani.

Mimi nimeitwa Bwana Mizizi msimu huu mmoja tu na nimeshafikiria kuhama kambi. Yeye ameitwa mti mkavu miaka yote hii, na kila asubuhi anamchotea maji anayemwita hivyo.

Jana nilikwenda katikati ya shamba, sina kitu masikioni, nikarekodi sauti ya kumweleza mama ukweli. Bado sijaituma. Nikiituma bila kumuuliza mke wangu, nimemvunjia kitu alichokishika kwa mikono miwili. Nikimuuliza, itabidi nimwambie kwamba kambi nzima ilimsikia, na kwamba aliyeongeza sauti ni mimi.

Nishaurini kabla ya Jumamosi: nianze na mama au nianze na mke wangu? Anayetaka kunielekeza hedifoni gani ndiyo nzuri, azivae shingoni kama Mudi. Mwenye neno la maana aniandikie. Nasoma polepole, lakini nafika mwisho. Sauti msinitumie.