Mahindi Yaliyoota Kabla ya Zamu Yetu

Mvua ile ilinyesha Kilolo mwezi wa sita, wakati mahindi yalikuwa yamekwisha kukauka kwenye mabua. Nilikuwa nimetoka Mbeya, ninakofundisha baiolojia, nije kumsaidia mama kuvuna. Lakini kwetu huvunwa kwa mgowe: majirani huingia pamoja shamba la huyu, kisha la yule, na zamu yetu ilikuwa bado.

"Mama, tuvune ya kwetu sisi wawili," nilimwomba.

"Niwakimbie wenzangu kwenye mvua? Halafu zamu yangu nimwite nani?"

Basi tukavuna shamba la jirani, tumelowa chapachapa, huku chakula chetu cha mwaka mzima kimesimama kwenye mvua ng'ambo ya kijito.

Zamu yetu ilipofika, nilimenya hindi la kwanza. Punje zilikuwa zimetoa machipukizi meupe, yamebanana chini ya maganda. Mama akamenya la pili, na la tatu.

"Mbona ya jirani hayakuota? Mvua si ni ileile?"

Nikamweleza taratibu. Jirani alipanda mbegu ya zamani. Hindi lake likikomaa huinama, na maganda hulifunika hadi nchani, maji yakateleza nje. La kwetu, mbegu aliyoipenda mama kwa kuzaa sana, hubaki limetazama juu, ncha wazi, likakinga maji kama kikombe. Tena punje za zamani hata zikilowa huendelea kulala kwa muda. Hizi usingizi wake ni mwepesi.

"Zikishaamka hazilali tena?"

"Hazilali, mama."

Alikuwa amenielewa vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi, na haikutusaidia kitu.

"Wifi, kumbe umetuandalia kimea cha pombe!" jirani akamtania mama, mzee wa kanisa letu. "Mzee wa kanisa siku hizi anapika komoni!"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, akamenya jingine, nalo limeota. Nao wakarudi kumenya.

Jioni rundo la mazima lilikuwa dogo. La yaliyoota lilifika kiunoni. Mama, ambaye hajawahi kuruhusu pombe ipite uani kwake, akanituma kwa mama mmoja mpika komoni.

"Mwambie aje ayachukue kabla hayajaoza. Na usimweleze sana."

Nikashika njia ya matope, nisijue mama atakula nini ikifika Januari.