Paka Wasio na Mikia

Watu wa Galpina, mji mdogo wa wakulima wa ngano na kondoo, wanamjua Irma Noske kwa mambo mawili. La kwanza ni keki yake ya chenga, ambayo huisha kabla ya nyingine zote kila baada ya ibada. La pili ni mizoga ya paka anayoitundika kwenye waya wa ua wake kando ya barabara, kila mmoja amekatwa mkia. Keki wanaisifu mbele yake. Paka wanawazungumza akishageuza kisogo.

Wengine husema ni ujane umemvuruga. Wengine husema alikuwa hivyo hivyo hata Lothar, mumewe, alipokuwa hai. Colin Pfitzner, jirani yake kwa miaka arobaini, humtania kuwa anapika supu ya mikia. Humuuliza mbele ya duka la mbegu, watu wakisikia, lini atawakaribisha, na Irma humjibu kuwa bado anatafuta sufuria ya kulitosha tumbo lake. Watu hucheka, mazungumzo yanarudi kwenye mvua. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa dhati mikia ile inakwenda wapi, naye ndivyo anavyotaka.

Inakwenda chini ya ardhi, nyuma ya banda la kunyolea kondoo. Kila mkia anauzika peke yake, halafu anapawekea jiwe ili mbweha wasifukue.

Kisa chenyewe kina miaka ishirini na miwili. Wakati huo nyumbani kulikuwa na paka mmoja tu, Mitzi, wa rangi ya kijivu, mwenye mkia uliopinda ncha kama ndoano. Galpina nzima ilimjua kwa mkia huo, kwa sababu Gudrun, binti pekee wa Irma, alimfunga utepe mwekundu akampeleka kwenye maonyesho ya kilimo, na paka akamparura jaji. Mwaka huo huo Mitzi alizaa watoto watano katikati ya marobota ya sufu.

Kazi ya gunia ilikuwa ya Lothar. Kila shamba la huko lina mwanamume wa kazi hiyo. Huondoka na watoto wa paka guniani baada ya chai ya asubuhi, hurudi mikono mitupu, na hakuna anayemuuliza kitu mezani. Lakini wiki hiyo Lothar alikuwa hospitali, ameanguka kutoka ngazi ya ghala akavunjika nyonga. Gudrun, mwenye miaka tisa, alikuwa amelia siku mbili mfululizo. Irma akamwambia aende akachezee bustanini, akachukua gunia, akashuka nalo bwawani.

Wanne walikwenda na maji. Wa tano alimponyoka gunia likiwa halijafungwa, na alipomshika shingoni akaanza kukoroma kwa raha, kiganjani mwake, amefumba macho. Irma alikuwa amechinja kondoo tangu ujana wake. Alikuwa amewahi kumpiga risasi farasi aliyempenda. Siku hiyo alishindwa na kitu chenye uzito wa andazi. Akatembea nacho hadi lango la kichaka, akakiweka mchangani.

"Haya, nenda," alikiambia. "Nafasi yako hiyo."

Neno hilo huko Galpina ni zaidi ya neno. Mpe mtu nafasi yake. Mchungaji anayewasinzisha waumini hupewa nafasi. Mchezaji anayeukosa mpira hupewa nafasi, na mlevi aliyegonga geti la jirani kwa pikapu hupewa ya pili na ya tatu. Wanajivunia hilo kuliko ngano yao. Na mwenye paka asiyemtaka, akiona vibaya kumuua, humpeleka pembeni mwa barabara, hufungua mlango wa gari, humpa nafasi, kisha hurudi nyumbani moyo mweupe, ale chakula chake cha mchana. Unafiki mtupu. Nafasi haitoki hewani. Inakatwa kwa mtu mwingine, na yule wa kukatwa haitwi kwenye kikao.

Kichaka kile ni ekari mia moja na hamsini za mikaratusi mifupi. Babaye Irma alikataa kukifyeka wakati wenzake wote walipokuwa wakiburuta minyororo kati ya matrekta mawili na kung'oa kila kilichosimama. Walimwita mvivu. Ndani ya uvivu huo walibaki kuku wa kichuguu, jozi tatu, wakati mashamba ya jirani hayakubaki na hata mmoja.

Kuku hawa wa porini hawaatamii mayai. Dume hurundika mchanga na majani makavu mpaka apate kichuguu cha kumfikia mtu magotini, kipana kuliko chumba cha kulala, na majani yakioza yanatoa joto. Jike hutaga humo na kwenda zake. Dume ndiye hubaki, karibu mwaka mzima, akifukua asubuhi na kufukia jioni, akichomeka mdomo mchangani kuonja joto, akipunguza hapa na kuongeza pale. Irma alimwita dume wa mwisho Mchungaji, kwa kuwa alifanya kazi mwaka mzima bila mtu kumshukuru.

Kifaranga akianguliwa hujichimbia njia mwenyewe kutoka chini, mchanga mtupu, kwa saa nyingi. Hutoka, huhema, hukimbia. Hamjui baba wala mama, na wao hawamjui. Siku hiyo ya kwanza hana mtu wa kumwonya kuhusu chochote. Paka analijua hilo, na hulala kando ya kichuguu akisubiri.

Irma alikuja kuelewa miaka minne baada ya siku ya bwawa, alipomtoa paka wa kwanza kwenye mtego wa kichakani. Mkia wake ulikuwa umepinda ncha kama ndoano. Alikaa chini pale pale, akamtazama muda mrefu. Kisha akampiga risasi, akaukata mkia, akauzika, na mzoga akautundika kwenye waya wa ua. Tangu siku hiyo aliikata mikia yote, iliyopinda na iliyonyooka, ili asiulizwe kwa nini huyu amekatwa na yule hakukatwa. Lothar alikufa hajui. Jozi tatu zikawa mbili, kisha ikabaki moja. Kila paka alimpasua tumbo kwenye meza ya banda, akaandika kwa chaki ukutani alichokikuta humo: mjusi, mjusi, panya, manyoya ya tombo, miguu ya kifaranga. Ukuta ukajaa, akaanza wa pili.

Mwaka huu, siku tisa kabla ya Krismasi, alikuwa amejificha kwenye miti saa mbili asubuhi alipouona mchanga wa kichuguu unatikisika. Kikatoka kichwa. Kikatoka kifaranga kizima, rangi ya vumbi, kikalala kifudifudi kikihema. Mchungaji alikuwa hatua mbili tu, anafukua mambo yake, wala hakukitazama. Kifaranga kikainuka, kikakimbilia kwenye majani. Irma alijikuta analia, naye si mtu wa kulia. Misimu sita ilikuwa imepita bila hata mmoja kufikisha mwezi, na Mchungaji na mkewe walikuwa wazee. Huyu asipokua, basi.

Paka mkubwa wa kijivu alikuwa bado yuko humo. Irma alikuwa ameona nyayo zake tangu majira ya baridi. Mitego ya wavu aliipita kando, dagaa wa kopo hakuwagusa. Kwa hiyo siku iliyofuata, siku ya kuwasili kwa Gudrun, Irma alichukua bunduki ndogo na filimbi inayolia kama sungura aliyeumia, akakaa chini ya mkaratusi tangu alfajiri. Alipuliza, akanyamaza, akapuliza. Saa tatu paka akatokea, anakuja polepole, ameshiba, anakuja kwa udadisi tu. Irma alimwona ameshiba na akajua kabla hajapiga.

Alimpiga risasi moja. Akambeba hadi bandani, akampasua juu ya meza. Miguu ya kifaranga ilikuwa mizima, yenye kucha ndefu za kuchimbia. Manyoya ya rangi ya vumbi hayakuwa yameanza hata kuyeyuka. Alishika chaki, akashindwa kuandika. Hasira ilimpanda, na hapakuwa na mtu wa kumtupia isipokuwa mwanamke mmoja aliyewahi kusimama kwenye lango na kujiona mwema.

Akaukata mkia. Ulikuwa umepinda. Akautia mfukoni mwa aproni, kwa sababu gari la Gudrun lilikuwa linaingia uani.

Gudrun anafundisha shule ya msingi Adelaide. Huja mara moja kwa mwaka, hukaa siku tatu, na siku ya pili hugombana na mama yake. Safari hii alianza siku ya kwanza. Aliiona mizoga kwenye waya, akaingia jikoni uso umemkunjamana. Alisema walimu wenzake wana picha ya ua ule kwenye simu zao, mtu fulani aliipitisha, nao hawajui kuwa ni kwa mama yake. Alisema anaona aibu. Irma akamkatia keki, akamwekea chai. Mfukoni mkia ulikuwa bado haujakauka damu.

Baada ya chai ya pili Gudrun alilainika, kama kawaida yake, akashika mkono wa mama yake.

"Mama, unajua mimi nakumbuka nini nikiiona ile mizoga?" alisema. "Siku ya watoto wa Mitzi. Uliniambia nikacheze bustanini. Mimi nilipanda juu ya tangi la maji."

Irma aliweka kikombe chini.

"Nilikuona bwawani," Gudrun akaendelea. "Nilikuchukia, Mama, nilikuchukia kweli. Halafu nikaona umembeba yule mmoja mpaka langoni ukamwachia. Ulisimama pale muda mrefu. Nikasema, kumbe ana moyo. Watu wakikusema, mimi nawaambia hawamjui mama yangu."

"Hujawahi kuniambia."

"Ilikuwa yangu." Gudrun akacheka kidogo. "Nilikuwa najiuliza tu kama aliishi, maskini. Kidogo vile."

Irma alimtazama binti yake, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja mwenye vidole vya wino. Miaka yote hiyo alikuwa amedhani ugomvi wao ni wa umbali, au wa Lothar kupendwa zaidi. Kumbe kulikuwa na jambo moja alilopendewa, na jambo lenyewe ni lile.

"Aliishi," alisema. "Aliishi vizuri sana."

Gudrun alifurahi, akataka kujua zaidi, lakini Irma alisema kondoo hawajapata maji akatoka. Hakwenda kwa kondoo. Alikwenda bandani, akatafuta sindano kubwa ya kushonea magunia na uzi wake, akamrudishia paka mkia. Alishona taratibu, mishono midogo, kama anavyoshona chochote. Kisha akambeba mpaka kwenye waya, akamtundika wa mwisho kwenye mstari, karibu kabisa na geti, ambapo mtu anayetoka na gari lazima asimame afungue.

Asubuhi ya siku ya tatu Gudrun alipakia mizigo yake. Irma alimfuata hadi getini kwa miguu, keki imefungwa kwenye kitambaa. Gudrun akashuka kufungua, akiwa ameugeuzia ua uso wa pembeni kama alivyofanya siku zote. Halafu akasimama. Alikuwa ameuona mkia.

Alikaribia. Aliunyoosha ncha kwa kidole kimoja, akauachia, nao ukarudi kupinda. Kisha akatazama mstari mzima, paka kumi na mmoja wa mwaka huu, mmoja baada ya mwingine, pale mikia ilipopaswa kuwa.

"Wote?" aliuliza.

"Si wote. Wengi." Irma alizungumza kwa sauti ya kawaida. "Huyu nimemkuta na kifaranga tumboni. Cha siku moja. Nilikiona kikitoka, Gudi. Nadhani hakutakuwa na kingine."

"Ungeniambia tu, Mama. Miaka yote hii unakata mikia. Ungeniambia."

"Sikujua kama uliona. Sasa nimejua, na ndilo jambo pekee ulilowahi kunipendea," Irma alisema. "Nimekaa nalo siku mbili. Nimeona nisipendwe kwa jambo la uongo."

Gudrun alifungua geti, akapitisha gari, akashuka tena akalifunga, maana hata mwenye hasira huko haliachi geti wazi. Keki hakuichukua. Irma alisimama mpaka vumbi la gari likatulia barabarani.

Joto lilikuwa limeshapanda. Aliiacha keki juu ya nguzo, akaenda kichakani. Mchungaji alikuwa juu ya kichuguu chake, anarusha mchanga nyuma kwa miguu, anasimama, anachomeka mdomo, anaonja. Yai lilikuwamo au halikuwamo, Irma hakuwa na njia ya kujua. Ndege alirekebisha kidogo upande wa kushoto, akaendelea na kazi.